UZI: Kupanga kozi ya Kiswahili ya mtandaoni kwa walimu wetu wa Uganda. Anza na kazi ya mwisho, video zije baadaye

Fundi wa Masomo (Kampala)

Wakuu, habari za jioni. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, wengi wenye Kiswahili kizuri wanataka kufungua kozi za mtandaoni. Jambo jema sana, maana walimu wanaohitaji kusaidiwa ni wengi na wakufunzi ni wachache. Ila kozi nyingi ninazoombwa kuzitazama zimeanzia pabaya. Mtu kanunua maikrofoni, kanunua taa ya duara, karekodi video chungu nzima za sarufi, ndipo anauliza, "Sasa nizipangeje?" Uzi huu ni wa wale ambao bado hawajarekodi. Nitaandika kwa vipande, mniulize katikati.

Mfano wangu utakuwa kozi ya walimu wa shule za msingi. Anayepanga kozi ya ufugaji wa kuku au uhasibu naye atapata lake humu.

Mwisho wa kozi, mwalimu atafanya nini?

Sisemi atajua nini. Atafanya nini. Nikiona lengo limeandikwa "mshiriki aelewe ngeli za Kiswahili", nalirudisha kwa mwenyewe. Kuelewa huwezi kukuona wala kukupima, na kunampa mtunzi ruhusa ya kumwaga kila alichosoma chuoni. Andika hivi: "Mwalimu wa P5 (darasa la tano) ataendesha kipindi kizima cha Kiswahili kuhusu sokoni, atauliza na kujibu maswali ya watoto bila kukimbilia Kiingereza, kisha atasahihisha daftari zao na kueleza kosa la upatanisho liko wapi." Hiyo ndiyo kazi ya mwisho, na ndiyo mtihani wenyewe.

Ukishaiandika, kila somo unalipima nayo. Linamsaidia kufika hapo? Libaki. Halimsaidii? Liweke pembeni, hata kama unalipenda. Historia ya lugha yetu ni tamu na mimi mwenyewe naipenda, lakini mwalimu atakayesimama mbele ya watoto Jumatatu haihitaji wiki ya kwanza.

Wanaosomea mambo haya huita kupanga kinyumenyume: matokeo kwanza, kipimo cha pili, mafunzo ya tatu. Wengine hufuata zile hatua tano za ADDIE zilizotungwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida miaka ya 1970 kwa mafunzo ya jeshi la Marekani: kuchunguza, kusanifu, kutengeneza, kuendesha, kutathmini. Fuata upendayo. Tabu inaanza pale mtu anaporukia kutengeneza kabla hajamchunguza anayemtengenezea.

Unamfundisha nani, na ana lugha gani mdomoni?

Hapa nitakaa kidogo, maana kozi nyingi za kununua zimetungwa kwa ajili ya mgeni kutoka Ulaya ambaye hajawahi kusikia ngeli maishani mwake. Mwalimu wetu si huyo.

Mwenye Luganda, Lusoga au Runyankole anakuja na ngeli tayari. Omuntu na abantu kwake ni mtu na watu. Ekitabo na ebitabo ni kitabu na vitabu. Ukimwekea somo refu la kumweleza ngeli ni nini, umempotezea muda na bando. Mpe jedwali moja la kulinganisha, mpe sentensi chache azigeuze, songa mbele. Shida yake iko kwenye matamshi. Katika Luganda, l na r hubadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia, kwa hiyo sikio halikuzoea kuzitenga. Ndipo "kura" inapotoka "kula", na "mahari" inapogeuka "mahali", na mtoto darasani anaandika vile alivyosikia. Halafu kuna h inayoanguka: "abari za asubui". Huyu anahitaji mazoezi ya kusikiliza na kujirekodi, tena kila wiki.

Mwenye Acholi au Lugbara mambo yake ni kinyume. R na l anazitenga vizuri, lakini lugha yake haina ngeli za namna hii. "Kitabu changu kizuri kimepotea" kwake ni kazi nzito: neno la kwanza linayavuta yote yanayofuata, na yeye hakuzaliwa akisikia hivyo. Huyu anahitaji upatanisho kidogo kidogo, kila siku, ndani ya sentensi za kutumia, wala si jedwali la ngeli zote kwa mpigo.

Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza, mpe kila mshiriki kazi fupi ya kuingilia. Asome aya moja kwa sauti na kuituma. Ageuze sentensi sita kutoka umoja hadi wingi. Ajieleze dakika moja bila kusoma popote. Ukisikiliza hizo tatu, utajua umweke njia ipi: ya matamshi au ya upatanisho. Kozi ni moja, kazi ya mwisho ni moja, ila katikati njia ni mbili.

Binti Arua

Fundi, asante kwa kutukumbuka. Kuhusu ngeli umesema kweli, ila usituweke wote kapu moja. Huku West Nile Kiswahili kimekuwapo muda mrefu, jeshini, sokoni, kwenye malori ya Congo na Sudan Kusini. Nina jirani mwalimu anakiongea haraka kuliko mimi. Ukimwanzishia "hujambo, sijambo" atajitoa kwenye kundi siku hiyohiyo. Anachokosa ni maandishi. Anasema "vitabu yangu imepotea" na haoni kosa, kwa sababu maisha yake yote watu wamemwelewa.

Fundi wa Masomo

Dada, hapo umenipa kitu. Ndiyo maana kile kipande cha kujieleza bila kusoma hakikosekani kwenye kazi ya kuingilia: mtu kama jirani yako atakimaliza kwa raha, halafu atajikwaa kwenye sentensi sita za maandishi. Basi mwanzo wake uwe daftari. Mpe insha fupi ya mwanafunzi wa P5 yenye makosa ya upatanisho, aisahihishe kama mwalimu. Umemheshimu kwa anachokijua, na hapohapo ameliona pengo lake kwa macho yake. Tumwite wa njia ya tatu. Nitaiongeza.

Bando la mwalimu

Tupige hesabu kabla ya kushika kamera. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula MB 75 kwa dakika 10. Ukiishusha hadi kilobiti 500, inabaki kama MB 37 na picha inaanza kuchafuka. Sauti tupu ya dakika hizohizo 10, kwa kilobiti 32, ni MB 2.4 na kila neno linasikika. Kozi ya wiki 8 yenye video tatu za aina ile ya kwanza kila wiki ni MB 1,800. Masomo hayohayo kwa sauti ni kama MB 58.

Na bando lenyewe lina kodi ndani. Mnaikumbuka ile ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 kwa mitandao ya kijamii. Julai 2021 iliondolewa, ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Mwalimu anaulipa kwa kila sekunde ya ule utangulizi wako wenye muziki na nembo inayozunguka. Uondoe.

Kanuni yangu: somo lianze na maandishi na sauti. Video iingie pale tu ambapo jicho lina kazi ya kufanya, kama vile ulimi unavyokaa kwenye "thelathini" na "dhahabu", au mwalimu anavyogawa ubao na kuwapanga watoto wawili wawili. Hata hiyo iwe fupi. Mwaka 2014 watafiti waliochambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, waliona kwamba muda wa kawaida ambao mtu hutazama haupiti dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Hao walikuwa na intaneti ya kutosha. Sembuse mwalimu wa Karamoja.

Mzee wa Jinja

Fundi, heshima yako. Mimi nimeshika chaki mpaka nikastaafu, na kwenye video sikubaliani nawe. Mwalimu wetu anataka kumwona mtu anayemfundisha. Sauti peke yake ni redio. Shule zilipofungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022 tulisikiliza masomo ya redio, na watoto wengi waliachwa nyuma. Mbona unaturudisha kulekule?

Fundi wa Masomo

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na nalichukua kwa uzito wake.

Nionavyo, masomo yale ya redio yalipungukiwa na majibu kuliko yalivyopungukiwa na picha. Mtoto alimsikiliza mwalimu, lakini hakuna aliyemsikiliza mtoto. Sauti ninayoisema mimi inakwenda na kurudi: mkufunzi anatuma, mshiriki anarekodi yake, mkufunzi anamjibu kwa jina lake. Weka picha ya kupendeza lakini usirudishe jibu, utampoteza vilevile.

Kuonana ana kwa ana umesema kweli, watu wanakuhitaji. Mimi ningeweka kikao cha moja kwa moja mara moja kila wiki mbili, cha mazungumzo tu, pasipo mhadhara. Kisiwe na jambo jipya ambalo asiyehudhuria atalikosa, kwa sababu umeme utakatika kwa mtu, mvua itanyesha juu ya bati la mwingine mpaka asisikie neno. Uso wako pia wauone siku ya kwanza, katika video ya dakika moja: wewe ni nani, umefundisha wapi, watakupata saa ngapi. Hiyo MB chache inastahili.

Busia Mpakani

Mkuu, twende kwenye jukwaa. Wengine wanasema Moodle, wengine WhatsApp inatosha, na kuna jamaa ananishawishi nifungue kundi la Facebook. Nina watu kama 30 walioonyesha nia, wa Busia, Tororo na Mbale.

Fundi wa Masomo

Facebook iache. Ilifungwa nchini Januari 2021 na watu wamekuwa wakiifikia kwa VPN, programu ya kuzunguka kizuizi, inayokula bando na kusumbua. Huwezi kujenga darasa mahali ambapo mwanafunzi anapenyea dirishani.

Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, ni imara. Ilitungwa na Martin Dougiamas wa Australia, ikatoka 2002, na ule mfumo wa Chuo Kikuu cha Makerere wa kusomea mtandaoni, MUELE, umejengwa juu yake. Programu yenyewe ni bure, ila seva inalipiwa na fundi wa kuitunza analipiwa. Uzuri wake ni kwamba programu yake ya simu inamruhusu mshiriki kupakua somo akiwa na mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao. Ukiwa na taasisi nyuma yako na washiriki mamia, nenda huko.

Kwa watu 30, WhatsApp inatosha, kwa sharti moja: iwe na utaratibu. Kundi la masomo ambamo admin peke yake ndiye anayetuma, ili somo la tatu lisizikwe chini ya salamu na michango ya harusi. Kila somo lipewe namba na jina lilelile: "Wiki 3, Sauti 1, Sokoni". Kisha vikundi vidogo vya watu watano au sita vya kufanyia mazoezi. Mtu mwenye haya hatarekodi sauti yake mbele ya watu 30. Mbele ya watano atarekodi.

Na mahali ambapo mtandao haupo kabisa, kuna programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta kuukuu au kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, kinatoa WiFi, simu za walimu zinasoma masomo bila intaneti yoyote. Kwa shule iliyo mbali na mnara, ndiyo ningeitumia.

Binti Arua

Fundi, tuonyeshe wiki moja yote ilivyo. Maneno nimeyaelewa, nataka kuiona.

Fundi wa Masomo

Haya dada. Wiki ya tatu, Sokoni.

Jumatatu inakwenda sauti ya dakika 4 na maandishi yake. Ni mazungumzo mafupi, yamesomwa mara mbili, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole:

— Nyanya hizi unauzaje, mama?
— Fungu shilingi elfu mbili, mwanangu.
— Zimeiva mno. Na zile za kule?
— Zile bado ngumu. Zitakaa mpaka Ijumaa.

Somo lote ni hilo. Halina neno "kiambishi" hata moja. Chini yake kuna kazi: badilisha nyanya ziwe maembe, kisha liwe papai moja, urekodi mazungumzo upya na mwenzako wa kikundi. Sasa mshiriki mwenyewe lazima atafute: haya, yameiva, yale, magumu, yatakaa. Kisha hili, limeiva, lile, gumu, litakaa. Akikosea papai, masikio ya wenzake yanamkamata kabla yangu. Mwenye Luganda ana nyongeza yake, orodha ya jozi za kusikiliza: kura na kula, mahari na mahali. Mwenye Acholi anapewa tunda la tatu. Yule jirani wa Binti Arua anapewa mazungumzo yaleyale yakiwa yameandikwa na mtoto kwa makosa, ayasahihishe.

Jumatano rekodi zimefika, nazisikiliza. Kila mtu namjibu kwa sauti isiyozidi nusu dakika, na katika hiyo nataja jema moja na kosa moja. Moja tu. Ukimtajia makosa saba hatarekebisha hata moja, na wiki ijayo hatatuma.

Kufikia Ijumaa mwalimu ameyajaribu mazungumzo darasani kwake kwa dakika kumi, na anaandika aya moja: watoto walikwama wapi. Aya hizo nazipenda kuliko kitu kingine chochote katika kozi, kwa sababu ndizo zinazonipa somo la wiki inayofuata.

Na kila Jumatatu kuna maswali matano ya wiki zilizopita, bila kufungua daftari. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza. Watafiti Roediger na Karpicke wakaonyesha 2006 kwamba siku kadhaa zikipita, aliyejipima anakumbuka zaidi kuliko aliyerudia kusoma tu. Maswali hayo hayana alama. Ni ya kukumbusha.

Ongezeni hesabu moja hapo. Washiriki 30, kila mmoja sauti ya dakika 2, ni saa nzima ya kusikiliza, na saa nyingine ya kujibu, kila wiki. Kazi ya majibu ndiyo inayoamua darasa lako liwe la watu wangapi. Ukitaka watu 100, tafuta wakufunzi wasaidizi watatu kwanza, ndipo utangaze. Kozi huria za Harvard na MIT kwenye edX zina wataalamu na fedha, na bado mwaka wa masomo 2017-18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki. Sioni sababu ya sisi kukimbilia maelfu.

Nyota ya Kasese

Fundi, mimi ni mwalimu na ni mama, nakuomba uandike jambo hili kwa herufi kubwa. Hizi kozi zote huweka kikao saa moja jioni, au saa mbili usiku. Hiyo ndiyo saa ya kuwasha sigiri na kuogesha watoto. Baba anaingia na simu yake chumbani anasoma, mimi nasikiliza kwa sikio moja huku naukoroga ugali. Mwisho wa kozi wanaume wana vyeti, na sisi tunaambiwa hatukujituma.

Fundi wa Masomo

Nyota, ndugu yangu, hili si jambo la kuongeza mwishoni. Ni la kuanza nalo. Kabla hujapanga ratiba, waulize washiriki wako simu inakuwa mkononi mwao saa ngapi. Walimu wanawake wengi wameniambia ni alfajiri kabla ya nyumba kuamka, au wakati wa mapumziko shuleni. Kwa hiyo kazi za wiki ziwe na dirisha pana: fungua Jumatatu, funga Jumapili usiku, kila mtu achague saa yake. Kile kikao cha moja kwa moja kiwe Jumamosi au Jumapili mchana, na saa yake ipigiwe kura na washiriki wenyewe. Kila sauti iwe ya dakika 4 au 5, isikilizwe nzima kati ya jambo na jambo.

Kalenda nayo. Usiweke kozi Oktoba na Novemba, mwalimu wa P7 akili yake iko PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wiki ya mwisho ya muhula ni ya kusahihisha na ripoti. Likizo usidhani ni tupu: tangu Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 ilipotaka kila mwalimu awe na shahada, wengi likizo zao wako vyuoni kujiendeleza. Mimi hupendelea kuanza wiki ya pili ya muhula wa kwanza au wa pili, na kuacha wiki moja tupu katikati kwa waliochelewa. Hiyo wiki tupu imeokoa washiriki wengi kuliko ujumbe wowote wa kuwahimiza.

Jirani wa Nakivale

Salamu kutoka Isingiro. Mimi ni Mkongomani, Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi tuko wengi tunaozungumza Kiswahili kutwa na hatuna kazi ya kukitumia. Katika kozi yako wazungumzaji wanatoka wapi? Walimu watano wa kikundi wakizungumza wao kwa wao, wote wanaanza, watafundishana makosa.

Fundi wa Masomo

Ndugu, swali lako limenigusa, na jibu lako umeshalitoa mwenyewe. Kuanzia wiki ya nne kila kikundi kingepata mwenyeji mmoja wa lugha, wazungumze naye kwa simu au kwa sauti za kutumiana, robo saa kwa wiki. Kiswahili cha Congo kina maneno na maumbo yake, na Kiswahili sanifu cha mtaala kina yake, kwa hiyo mwenyeji apewe mada na maswali yaliyoandaliwa. Sarufi ibaki kwa mkufunzi, masikio na ulimi vibaki kwake. Na alipwe. Bajeti ya kozi iwe na mstari wa hao watu tangu mwanzo, usiwaombe kwa hisani.

Busia Mpakani

Ada je? Na cheti? Huku kwetu mtu swali lake la kwanza ni "nitapata cheti?"

Fundi wa Masomo

Cheti: sema ukweli kwenye tangazo lenyewe. Programu za elimu ya juu zinaidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Kozi yako ya wiki 8 haimpandishi mtu daraja la mshahara, na usiandike maneno yanayomfanya adhani hivyo. Unachoweza kumpa ni barua inayotaja kazi alizofanya: aliendesha kipindi hiki, alisahihisha daftari hizi, rekodi yake hii hapa. Mwalimu mkuu akiisoma anajua amepata nini.

Ada: hesabu gharama zako kwa ukweli, pamoja na majibu yako ya kila wiki na mwenyeji wa lugha, gawanya kwa washiriki. Ruhusu malipo ya awamu kwa MoMo au Airtel Money, na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa iingie kwenye hesabu yako, isimwangukie mshiriki. Bure kabisa siishauri. Kidogo anachotoa mtu kinamfanya aipe kozi nafasi katika wiki yake.

Mzee wa Jinja

Nimekuelewa kuhusu sauti, nakubali. Sasa, hawa wa siku hizi wataandikiwa kila kitu na akili mnemba. Utajuaje?

Fundi wa Masomo

Mzee, kazi zenyewe ndizo kinga. Mashine inaweza kumwandikia insha. Haiwezi kujua watoto wake wa P5 walikwama wapi Alhamisi, na haiwezi kurekodi sauti yake akibishana bei ya papai na mwenzake. Anayetaka kuitumia kujipatia sentensi za mazoezi, aitumie.

Hapohapo nikumbushe jambo la sheria. Mkimwomba mwalimu arekodi kipindi, kuna sauti na sura za watoto mle. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Rahisi ni hii: rekodi iwe ya sauti ya mwalimu peke yake, au aandike aya. Namba za simu za washiriki nazo usizigawe kwa yeyote anayekuja na tangazo lake.

Binti Arua

Mimi naanza. Nina walimu sita wako tayari, wawili ni wa ile njia ya tatu. Sina Moodle wala maikrofoni. Niandae wiki zote 8 kabla ya kufungua?

Fundi wa Masomo

Hapana dada. Andika kazi ya mwisho, andika kichwa cha kila wiki na zoezi lake moja kuu, kisha tengeneza wiki mbili tu. Ziendeshe na hao sita. Simu yako inatosha: jifungie chumba chenye godoro na mapazia, siyo chumba kitupu chenye mwangwi, weka simu kiganja kimoja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipulize. Wiki ya tatu iandike baada ya kuwasikia.

Ikiisha wiki ya pili, mpigie kila mmoja simu umwulize haya. Usitume fomu, piga simu.

Ulitumia bando kiasi gani?
Ulisikilizia wapi, na nani alikuwepo?
Ni zoezi gani hukulifanya, na kwa nini?
Ulijaribu nini darasani, na watoto walifanya nini?
Ni wapi nilieleza jambo ambalo ulikuwa tayari unalijua?

Aliyejitoa naye mpigie, tena uanze na yeye. Ukishapata majibu yaweke hapa kwenye uzi, tuyatazame pamoja kabla hujaandika wiki ya tatu.